Pipi ya Aliyeshushwa Mgongoni

Wengine waliomjua yule Mkunga wa Nshamba wataanza na mikono yake, na wana haki, maana nusu ya watu wa vilima vile walipita humo. Mimi naanza na mfuko wake. Ulikuwa mfuko wa kitambaa cha kaki, ameushona mwenyewe ubavuni mwa gauni, upande wa kushoto, na humo ndimo alimoweka pipi. Sijawahi kuutazama mfuko ule bila roho kuniuma. Hata mara ya mwisho nilipomwona, yeye ajuza asiyeona tena na mimi mama wa watoto watatu, kitu cha kwanza nilichotazama kilikuwa mfuko.

Nieleze kwanza desturi yake, kwa sababu haikuwa desturi ya Wahaya wala ya Wazungu wa misheni waliomfundisha kazi. Ilikuwa yake peke yake. Akishamzalisha mama, akishamkata mtoto kitovu, akamwosha na kumlaza, hakwenda kwanza kuwaambia wanaume waliokuwa wakingoja uani. Alikwenda kumtafuta mtoto aliyetangulia, yule aliyekuwa akibebwa mgongoni mpaka siku ile. Mara nyingi alimkuta nyuma ya nyumba kati ya migomba, amenuna na hajui kwa nini amenuna. Mkunga aliinama, akatia mkono mfukoni, akatoa pipi moja.

"Umeshushwa mgongoni," alimwambia. "Kaa ule."

Basi, hakuongeza neno. Mtoto alikaa palepale chini akala, na Mkunga alisimama kando yake mpaka imalizike, ili kaka zake na dada zake wasimpokonye. Wakiomba waonje, aliwafukuza. "Anayeshushwa ni mmoja," aliwaambia. "Hii haigawanywi." Wanaume waliotaka kujua kama ni wa kike au wa kiume, nao walingoja mpaka mtoto alambe vidole.

Sasa, mimi ni kitinda mimba. Shida yangu yote ilianzia hapo. Mama alizaa wanne, na mimi wa mwisho nilitanguliza miguu, nikamuumiza, na baada yangu hakushika mimba tena. Maana yake hakuna aliyekuja kunishusha. Watoto wote wa kibanja chetu na vibanja vya jirani walikuwa wamekula pipi ya Mkunga, hata yule mtoto wa fundi seremala aliyekuwa akila udongo. Mimi peke yangu sikula. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba kaka yangu, aliyenitangulia, alikula ya kwake siku niliyozaliwa mimi. Nililetwa duniani kwa miguu, nikaponea chupuchupu, halafu yeye ndiye aliyekaa chini ya mgomba akilamba pipi! Alinisimulia habari hiyo miaka yote. "Ilikuwa na mistari," alisema, "nyekundu na nyeupe, na katikati ilikuwa na kitundu." Kila aliposimulia, kitundu kilizidi kukua.

Usidhani tulikuwa na njaa ya utamu. Wakati ule wa Mwingereza tulikuwa na miwa, tulikuwa na asali, tulikuwa na ndizi zilizoiva mpaka zikapasuka. Hata pipi hazikuwa kitu kisichoonekana. Mhindi wa Nshamba alikuwa nazo katika chupa kubwa ya kioo, na Krismasi Baba alituletea, kila mmoja ya kwake. Lakini ya Krismasi ilikuwa pipi tu. Ya Mkunga ilikuwa cheo. Aliyeila alijulikana kuwa mkubwa, ana mtu chini yake, na hata michezoni alisikilizwa. Mimi niliitwa wa mgongoni hadi nilipoanza kujua kusoma.

Nilijitahidi. Mbuzi wetu alipozaa nilikwenda mbio hadi kwa Mkunga, nikamkuta anaanika nguo.

"Kwetu kumezaliwa," nilimwambia.

"Nani kazaa?"

"Mbuzi."

Aliendelea kuanika. "Mbuzi huyo aliwahi kukubeba mgongoni?"

"Hapana."

"Basi hajakushusha. Nenda nyumbani."

Siku nyingine nilikata kipande cha mgomba, nikakifunga mbeleko, nikakilaza kitandani kwa Mama, kisha nikakaa nyuma ya nyumba nimenuna, kama nilivyoona wengine wakinuna. Aliyekuja ni kaka yangu. Nilimwomba pia Mama azae. Nilimwomba wazi, wakati anasuka mkeka, nikamweleza kwamba mtoto nitamlea mimi, yeye azae tu. Mama alicheka, kisha akaacha kucheka.

Nimesema ya mfuko, sasa niseme ya mtu mwenyewe, maana wivu haunizuii kusema kweli. Alikuwa mwembamba na mrefu, mwendo wake wa haraka hata akiwa haitwi na mtu. Alitembea na mwavuli mweusi ambao hakuufungua kwa mvua wala kwa jua. Aliutumia kufukuzia mbwa na kugongea milango. Hakuweza kupita kwenye kibanja cha mtu bila kuegemeza mgomba ulioinama, na mwenye kibanja akikuta mgomba wake umewekewa mti, alijua Mkunga amepita na kwa jirani kuna jambo.

Alikuwa Mlutheri wa mstari wa mbele kanisani, mwenye sauti nene kuliko ya mwinjilisti. Na alivuta kiko. Alivutia nyuma ya jiko lake, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na ukimkuta alisema anafukuza mbu. Saa nne za asubuhi, jua linawaka, anafukuza mbu. Mchungaji alijua, na Mkunga alijua kwamba Mchungaji anajua, lakini Mkunga alikuwa amewapokea watoto wote sita wa Mchungaji, na hapakuwa na aliyetaka kulianzisha.

Pipi zenyewe hakuzila. Alisema zinamuumiza meno, naye alikuwa na meno meupe, yamekamilika. Sisi watoto tulimchungulia tukitumaini kumkamata anajilia, hatukumkamata. Wakati wa vita kuu, chupa ya Mhindi ilipokaa tupu mpaka ikaingia vumbi, alitafuta sukari guru, akaikata vipande vidogo na kuvifunga katika majani makavu ya mgomba. Waliozaliwa wadogo zao miaka ile walikula sukari guru, na mpaka leo wanalalamika kwamba walipunjwa. Mimi nikiwasikia hunijia hasira. Wanalalamika nini, nao walipewa?

Ziwa aliliogopa. Siku moja aliitwa Bumbire, kisiwani, mwanamke amekwama siku mbili. Alikataa kupanda mtumbwi, mwishowe akapanda akiwa amefumba macho, na wavuvi walisema alimshika mpiga kasia mkono mpaka akawa hawezi kupiga kasia. Alimzalisha yule mama salama. Wavuvi wakamwambia turudi upesi, ziwa limetulia, baadaye litachafuka. Akauliza yuko wapi mtoto aliyetangulia. Wakamwambia amekwenda na wajomba zake upande wa pili wa kisiwa kuanua dagaa. Yule mwanamke aliyeliogopa ziwa kuliko kifo akakaa juu ya jiwe ufuoni, akasema haondoki. Walimlaumu, walimbembeleza, upepo ukaanza, naye kakaa. Mtoto aliporudi jioni akapewa pipi yake, akasimamiwa mpaka akamaliza, ndipo Mkunga akafumba macho tena na kupanda mtumbwi katikati ya mawimbi. Nakumbuka nilivyomwonea wivu mtoto huyo wa Bumbire ambaye sikuwahi kumwona. Ziwa zima lilingoja ale.

Na mdomo wake ulikuwa mzito. Alikuwa akijigonga kifua na kusema, "Nyumba zote nilizoingia zimekaa humu, na ufunguo sina." Akikaribishwa mahali, mwenyeji alimpa kamwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mgeni hupewa atafune, naye alizila taratibu mpaka umbeya uanze. Umbeya ukianza, alizijaza mdomoni kwa mpigo, na hakuna awezaye kumsemesha mtu ambaye mashavu yamejaa kahawa. Nayasema haya ili uelewe kwamba hakuwa mwanamke wa kutoa siri ya mtu.

Hata hivyo ndiye aliyeitoa ya kwetu.

Baba alikuwa karani wa wanunuzi wa kahawa, tena mzee wa kanisa, mwenye baiskeli na kofia ya jua. Msimu wa kahawa alikwenda Kagoma, akalala huko siku kadhaa, akarudi. Mwaka ule msimu ulikwisha, na yeye safari zake za Kagoma hazikwisha. Mimi nilikuwa na miaka minane, sikuwaza lolote juu ya hilo. Asubuhi moja natoka mtoni na mtungi kichwani, nikakutana na Mkunga anakuja kwa njia ya Kagoma, gauni limelowa umande hadi magotini, mwavuli kwapani.

Nilimsalimu. Akapita hatua mbili, akasimama, akageuka.

"Wewe si wa kwa karani?"

"Ndiyo, waitu," nilisema kwa heshima ya Kihaya.

"Wa mwisho."

"Wa mwisho," nilijibu kwa uchungu, maana nilidhani ananitania.

Alitia mkono mfukoni, akautoa mtupu. Alitazama njia alikotoka, akatazama njia alikokuwa anakwenda. Kisha akautia tena.

"Tua mtungi."

Nikautua. Akaiweka kiganjani mwangu, nyekundu na nyeupe, ina mistari.

"Umeshushwa mgongoni," alisema. "Kaa ule."

Siku hiyo hakusimama kungoja nimalize. Aliondoka kwa ule mwendo wake, tena wa haraka kuliko siku zote, na mimi nikabaki nimekaa chini njiani, pipi kinywani. Unaweza kudhani nilijiuliza imekuwaje. Sikujiuliza. Niliona kwamba hatimaye amenihurumia. Nilikuwa nimengoja miaka minane, na sasa haki yangu imekuja. Niliimung'unya kidogo tu, nikahakikisha mistari haijafutika, nikaifunga katika jani na kukimbia nyumbani nikamringie kaka yangu. Mtungi niliusahau njiani.

Mama alikuwa kibarazani anamenya ndizi. Kaka yangu alikuwa anapasua kuni. Nikafungua jani mbele ya pua yake.

"Umeiba," alisema.

"Sikuiba! Nimepewa na Mkunga. Ameniambia nimeshushwa mgongoni, nikae nile."

"Mwongo wewe. Utashushwaje? Mama hajazaa."

Kisu cha Mama kilisimama. Alikuwa ameanza ganda la ndizi, likabaki linaning'inia.

"Mkunga alikuwa anatoka wapi?" aliniuliza.

"Njia ya Kagoma, Mama."

Mama alimaliza kumenya ndizi ile. Akamenya nyingine, na nyingine, mpaka kikapu kikaisha, akazitia chunguni, akanawa mikono akaikausha. Kisha akaingia ndani, akatoka na mbeleko, ile ya zamani iliyokuwa imewekwa kusubiri mtoto ambaye hakuja. Akainama mbele yangu.

"Panda," alisema.

"Mama, mimi ni mkubwa."

"Nimesema panda. Nani kasema nimekushusha?"

Nikapanda. Alinifunga mbeleko, miguu yangu ikining'inia chini ya magoti yake, akatembea na mimi kati ya migomba, akazunguka kibanja kizima na kurudi, akazunguka tena. Kaka yangu alianza kucheka, akaona uso wa Mama, akanyamaza. Pipi nilikuwa nimeitia tena mdomoni. Iliyeyukia pale, mate mekundu yakimchuruzikia Mama begani, naye hakuyafuta. Nilikuwa na furaha sana. Nimepewa pipi na bado nimebebwa, vyote viwili, jambo ambalo hakuna mtoto mwingine aliyelipata. Sikujua kwa nini mgongo wa Mama unatetemeka.

Baba alipofika na baiskeli jioni, Mama alimpokea kofia.

"Hongera, Karani," alimwambia. "Ni wa kike au wa kiume?"

Baba alishika baiskeli muda mrefu kama mtu aliyesahau inakotiwa.

"Wa kike," alisema.

Kesho yake alikwenda kwa Mkunga, kaka yangu akamfuata kwa kujificha kati ya mibuni, na alivyonisimulia ni hivi. Baba alisema kwa sauti kubwa, "Umenivunjia nyumba kwa pipi!" Mkunga alikuwa juu ya kinu chake, kiko mkononi. Akamwambia, "Pipi haikuzaa, Karani." Baba akasema yeye alikuwa na mpango wa kumwambia mkewe mwenyewe. "Mkeo sikumwambia kitu," alisema Mkunga. "Nilimpa mtoto haki yake. Kama ulitaka asipewe, usingemleta mwenzake." Kisha akajaza mdomo kamwani, mazungumzo yakaishia hapo.

Baba alitengwa na Meza ya Bwana, akakaa benchi la nyuma kwa muda, baadaye akarudishwa. Mama hakuondoka na hakumfukuza. Hakumchukia hata Mkunga, na hilo ndilo nililoshindwa kulielewa. Alimkaribisha kama zamani, akampa kiti na kamwani, wakakaa wawili kibarazani wakitafuna bila kusema. Aliyechukia ni mimi. Nilipopata akili ya kuelewa pipi ile ilikuwa ya nini, niliona nimelaghaiwa. Miaka yote nilikuwa nimeomba nishushwe, na siku niliyoshushwa, aliyenishusha hakupita kwa Mama yangu.

Aliitwa Kemilembe. Nilimwona kwanza kanisani, sikukuu ya mavuno, amekaa juu ya bomba la baiskeli ya Baba, na gauni la maua. Mimi Baba aliwahi kunipandisha baiskeli ile, lakini nyuma, kwenye magunia. Yeye alikaa mbele, kati ya mikono yake, akipiga kengele. Nilihesabu kila kitu cha yule mtoto: viatu vyake, utepe wa nywele zake, jinsi Baba alivyoinama kumfuta kamasi. Alinikodolea macho, nami nikamtolea ulimi. Kwetu hakuletwa, mimi kwao sikwenda, na hivyo ndivyo tulivyokua, tukitazamana kila sikukuu mabenchi matatu mbali.

Niliolewa Bukoba mjini na mwalimu. Huko maduka yalikuwa na chupa za pipi zimepangwa hadi darini, za ndimu, za mnanaa, za karatasi zinazometa. Mume wangu hakuninyima. Nilizinunua, nikaziweka katika bati juu ya kabati, nikazila nikipiga pasi, na hakuna hata moja iliyonitosha. Nilikula kwa hasira, kama mtu anayemdai mwingine. Wanangu walijifunza kutafuna bila kelele ili nisijue wamefungua bati.

Mimba yangu ya pili nilikwenda kuijifungulia kwa Mama, Nshamba. Hospitali ilikuwepo mjini, na mume wangu hakuelewa kwa nini nang'ang'ania vilima. Sikumwambia. Mkunga alikuwa tayari anaanza kuzeeka, mikono bado ilikuwa ileile. Alinizalisha vizuri, akamwosha mtoto, akatoka. Nikiwa nimelala pale, jasho halijakauka, nilisikia dirishani, "Umeshushwa mgongoni. Kaa ule." Mwanangu wa kwanza akaanza kulamba. Ungedhani ningefurahi. Niliona wivu juu ya mtoto wangu mwenyewe, wa miaka miwili, na alipoingia na mdomo mwekundu nilimwambia anionjeshe. Alikataa.

"Haigawanywi," alisema Mkunga mlangoni.

Hakunitazama, na mimi sikumtazama.

Mama alifariki mwaka ambao watu walikuwa wameshaanza kusema Mwingereza anaondoka. Aliugua kifua, akaisha haraka. Nilimzika na dada zangu na kaka yangu, na Baba mzee amekaa na kofia magotini. Kemilembe alikuja msibani. Alikaa na wanawake wa mbali, akamenya ndizi, akateka maji, hakulia kwa sauti. Nilimwona akiosha masufuria ya Mama, na nilitaka kumpokonya.

Baada ya matanga, kabla sijarudi Bukoba, miguu yangu ilinipeleka kwa Mkunga. Sikujua nataka nini. Pengine nilitaka kumwuliza kwa nini alifanya vile. Nyumba yake ilikuwa imefagiliwa, ukindu mpya sakafuni, na nani alitoka jikoni na kibuyu cha maji? Kemilembe. Kumbe alikuwa amehamia pale tangu Mkunga alipoacha kuona, anampikia, anamwogesha. Nilisimama mlangoni. Alinichukulia Baba, alinichukulia baiskeli, na sasa hata Mkunga!

Mkunga alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, amekuwa mdogo. Meno yote meupe yalikuwa yamekwenda. Mfuko wa kaki ulikuwapo, umetoboka.

"Nani huyo anayepumua kama ng'ombe?" aliuliza.

"Ni mimi, waitu. Wa kwa karani."

"Wa mwisho."

"Wa mwisho."

"Umechelewa," alisema. "Nilikungoja siku ya mazishi. Miguu yangu haifiki tena, la sivyo ningekuja mimi. Kemilembe, lete bati."

Kemilembe alitoa chini ya kitanda bati la biskuti lililoshika kutu. Ndani mlikuwa na pipi moja, imegandamana na karatasi yake. Mkunga aliipapasa, akaibandua kwa kucha, akanyoosha mkono hewani mpaka nikaja kukaa chini ya mkono ule.

"Mama yako amekushusha mgongoni," alisema. "Ile ya kwanza haikuwa yeye. Hii ndiyo yako. Kaa ule."

Nililia pale kama sikulia kaburini. Mkunga aliniacha nilie. Nilipofuta macho niliona Kemilembe amesimama na bati tupu kifuani, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama pipi. Macho yale niliyajua. Yalikuwa yangu, ya uani kwa jirani, ya nyuma ya nyumba, ya miaka yote.

"Nini?" nilimwuliza kwa ukali.

"Hakuna kitu."

"Sema."

"Mimi sijawahi kupewa," alisema. "Mama yangu alinizaa mimi tu. Tangu utoto nikisikia kwamba uliila yako kwa sababu yangu. Nilikuwa nakutazama kanisani nikikuonea wivu mpaka nashindwa kuimba."

Mkunga aligeuza uso kule sauti ilikotoka. Kisha akaigonga sakafu kwa kiganja.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," alisema. "Mimi sizalishi tena, na huyu hana wa kumshusha. Ing'ate, mwana wange. Mpe."

"Ulisema haigawanywi."

"Nilisema. Sasa nasema ing'ate."

Nilifanya kama tulivyofanya shuleni ili mate yasiingie. Niliifunga pipi katika pindo la kanga yangu, nikaiweka kati ya magego, nikauma. Ililia ka! Nilipofungua kanga, haikuwa imekatika katikati. Kipande kimoja kilikuwa kikubwa, na mstari mwekundu mzima umebaki juu yake. Kingine kilikuwa chembe. Nilivitazama. Kemilembe naye alivitazama, akanyoosha kiganja.

Nilimpa chembe, na kile kikubwa nikakitia kinywani mwangu.

Mkunga alikuwa ametega sikio. "Umempa?"

"Nimempa."

"Kikubwa au kidogo?"

Pipi ilikuwa imejaa shavuni mwangu, nami nilikaa kimya kama mtu aliyejaza kamwani. Kemilembe alinitazama. Aliweka chembe yake juu ya ulimi, akafunga mdomo, akasogea na kukaa chini kando yangu, bega lake likagusa langu.

"Kikubwa, waitu," alimjibu Mkunga. "Amenipa kikubwa."